Simu Haikai na Chaji: Mtafute Mchotaji Kabla ya Kununua Betri

"Fundi, nibadilishie betri. Simu haikai na chaji."

Naletewa ombi hili karibu kila siku, na jibu langu la kwanza huwa swali: chaji inaisha ukiwa umeishika simu, au inaisha ikiwa imelala? Wengi hutulia kidogo, wakaitazama simu, kisha wakasema hawajawahi kuangalia.

Nauliza kwa sababu betri ni ghala tu. Ukikuta ghala tupu asubuhi, huenda kweli ghala ni bovu, lakini mara nyingi zaidi kuna aliyeingia usiku akachota. Ukijenga ghala jipya bila kumjua mchotaji, atachota na humo. Tena simu za sasa hazifunguki kama zile za zamani za kutoa mfuniko kwa kucha. Zimebanwa kwa gundi, na kila zikifunguliwa kuna hatari ya kioo kupasuka, na ile gundi iliyokuwa inazuia maji hairudi kama ilivyotoka kiwandani. Kufungua simu kuwe na sababu.

Kipimo cha usiku

Kipimo ninachokiamini kuliko programu yoyote ya kupakua hakina gharama. Kinachukua siku tatu, na kazi yote inafanyika ukiwa umelala. Chaji simu ifike 80 au zaidi, ichomoe, iache itulie nusu saa, kisha andika asilimia na saa kwenye karatasi. Asubuhi, kabla hujafungua ujumbe wowote, andika tena.

Usiku wa kwanza iache kama unavyoiacha siku zote, data ikiwa imewashwa kama huwa unaiwasha. Usiku wa pili weka hali ya ndege, na uhakikishe Wi-Fi na Bluetooth nazo zimezimika, maana simu nyingine huziacha. Usiku wa tatu izime kabisa. Kama una mgonjwa au kazi ya zamu na simu haipaswi kuzimwa usiku, fanya kipimo mchana kwa saa nne usizoihitaji. Matokeo yanasomeka vilevile, ila kwa nusu.

Sasa hesabu. Simu nyingi ninazopokea zina betri ya mAh 5000; mAh ni kiasi cha chaji kinachoingia ghalani. Ikilala saa 8 ikapoteza asilimia 4, imetumia mAh 200, yaani wastani wa mA 25, ambayo ni kasi ya umeme kuchotwa. Hiyo ni simu iliyolala usingizi mzuri. Ikipoteza asilimia 30, imetumia mAh 1500, karibu mA 190 mfululizo usiku kucha. Simu hiyo haikulala. Kuna kitu kiliikesha, na kabla ya kukitafuta inafaa kujua kiko upande gani.

Usiku wa kwanza ukishuka sana, wa pili ukashuka kidogo tu, mchotaji yuko kwenye mawasiliano: ama mtandao wenyewe, ama programu inayotaka intaneti. Ili kuwatenganisha hao wawili, ongeza usiku mmoja: zima data na Wi-Fi lakini acha laini zikiwa hewani. Chaji ikiendelea kuanguka, tatizo ni laini na mnara. Ikitulia, tatizo ni programu.

Usiku wa kwanza na wa pili zote zikishuka sana lakini simu ikizimwa inatulia, kuna programu inayokesha ndani bila hata kuhitaji intaneti. Zote tatu zikishuka, acha kuhangaika na programu, nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho ya maelezo haya. Na zote tatu zikiwa nzuri, simu yako inalala vizuri kabisa. Inayoimaliza ni kazi ya mchana, au betri ambayo imezeeka na haibebi tena ilichokuwa inabeba.

Mchotaji ni programu

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ikitulia bila kuguswa, kioo kikiwa kimezimwa, mfumo huzilaza programu zote na kuziruhusu ziamke kwa pamoja kwa vipindi. Kwa hiyo programu inayokesha usiku mzima ama imepewa ruhusa ya kuvuka utaratibu huo, ama imepata njia ya kuukwepa.

Fungua Setingi, nenda Betri, kisha matumizi ya betri. Hapo watu hukosea jambo moja: wanatazama asilimia tu. Kwenye simu nyingi za sasa, asilimia ile ni fungu la chaji iliyokwisha kutumika. Ukikuta programu imeandikwa 40 siku ambayo simu imetumia chaji kidogo, haina kosa lolote. Kioo au video vikiwa juu ya orodha nako si ugonjwa, ndivyo ulivyoitumia simu. Bonyeza jina la programu usome muda: imefanya kazi dakika ngapi mbele ya macho yako, na saa ngapi nyuma kioo kikiwa kimezimwa. Programu uliyoifungua kwa dakika sita ikaonekana imefanya kazi nyuma kwa saa saba ndiyo ya kushughulikia. Kwenye iPhone utaona kitu hichohicho, muda wa kioo kuwaka na muda wa kioo kuzimwa.

Ninaowakuta mara kwa mara ni hawa. Programu ya kuhifadhi picha inayojaribu kupandisha video kubwa, bando likaisha njiani, nayo ikaendelea kujaribu. Hifadhi ya WhatsApp iliyokwama katikati. Programu ya ramani au ya kufuatilia safari iliyopewa ruhusa ya kujua mahali ulipo wakati wote, ilhali inatosha kuipa wakati unapoitumia. Na matoleo ya WhatsApp yaliyochezewa, yale ambayo watu hutumiana faili lake kwenye magrupu. Haya ya mwisho nayapinga waziwazi, na si kwa ajili ya chaji peke yake: hujui nani ameyaandika wala yanatuma nini wapi.

Dalili ya programu ya namna hiyo ni matangazo yanayojitokeza hata hujafungua kitu, simu kupata moto ikiwa mfukoni, na bando kuyeyuka pamoja na chaji. Ukiziona tatu pamoja, washa simu kwa hali salama. Kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuwasha hadi menyu itokee, kisha unashikilia neno la kuzima mpaka simu ikuulize. Katika hali hiyo programu zote ulizoziongeza mwenyewe hulala, zinabaki zilizokuja na simu. Ilaze hivyo usiku mmoja. Ikitulia, mchotaji ni kitu ulichokipakua: anza kufuta kilichoingia karibu na siku tatizo lilipoanza.

Programu unayoihitaji lakini inakula, izuie kufanya kazi nyuma, kwenye ukurasa uleule wa betri. Ujue tu unachokubali: ukiizuia WhatsApp, ujumbe utaweza kuchelewa hadi uifungue. Ujumbe wa pesa za simu hauathiriki, kwa sababu unakuja kwa njia ya meseji za kawaida. Usiwe na mazoea ya kufagia programu zote za nyuma kila baada ya dakika kumi. Programu iliyofagiwa ikifunguliwa tena huanza kupakia upya kila kitu, na kazi hiyo inakula kuliko kuiacha imelala. Na hizo programu zinazojitangaza kuwa zinaongeza chaji, sijaona hata moja iliyostahili nafasi kwenye simu.

Kama tatizo limeanza siku uliyosasisha mfumo, subiri siku mbili kabla ya kufanya lolote. Baada ya kusasisha, simu hupanga upya mafaili na programu kwa nyuma, na kwa muda huo kupata joto na kula chaji ni kawaida.

Mchotaji ni mnara ulio mbali

Huyu ndiye hasahauliki kwangu, kwa sababu nimeshamkosa mwenyewe.

Aliniletea simu mama mmoja muuza vitenge. Betri ilikuwa imekwisha kubadilishwa mara moja kwingine, na mimi, bila kuuliza swali, nikambadilishia ya pili. Baada ya wiki akarudi. "Baba, naichaji usiku, asubuhi iko nusu, na sijaigusa." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Ndipo nikamwandikia kipimo cha usiku kwenye karatasi. Usiku wa kwanza ilitoka 90 ikafika 58. Usiku wa pili, hali ya ndege, ilitoka 90 ikafika 88. Betri zote mbili tulizotoa zilikuwa hazina kosa. Nyumba yake iko bondeni, imeezekwa bati, na simu ina laini mbili: moja inashika vizuri, nyingine nyumbani kwake haishiki karibu kabisa, inafanya kazi sokoni tu. Simu ilikuwa inakesha ikiutafuta mnara wa ile laini ya pili. Tuliizima laini hiyo kwenye setingi akiwa nyumbani, na kesho yake aliamka na 85. Gharama ya betri yangu nilimrudishia.

Kinachotokea ni hiki. Simu na mnara wanazungumza pande zote mbili, na mnara ukiwa mbali simu hulazimika kupaza sauti. Simu ya 2G kwenye masafa ya MHz 900 inaweza kurusha hadi wati 2 kwa mikupuo, na ya 4G hadi wati 0.2 hivi, lakini ikiwa karibu na mnara hutumia sehemu ndogo sana ya hizo. Ikipoteza mnara kabisa, huanza kupekua masafa moja baada ya jingine, na kupekua huko kunakula. Bati na kuta nene huongeza umbali ambao macho hayauoni.

Vijiti vya mtandao juu ya kioo havitoshi kukuambia, maana kila kampuni huvichora inavyotaka. Kwenye simu nyingi za Android, ukiingia Setingi, Kuhusu simu, kisha hali ya SIM, utakuta nguvu ya mtandao kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo na nguvu. Kwa 4G, -85 ni nzuri. Ukiona -115 pale unapolala, simu yako inapiga kelele usiku kucha. Isogeze dirishani, utazame namba ikibadilika. Zima laini isiyoshika hapo. Kama 5G inakuja na kuondoka, funga simu kwenye 4G ukiwa nyumbani, kwa sababu kuhama huku na huku kuna gharama yake. Msafiri wa basi la mikoani naye asishangae simu kuisha haraka kuliko kawaida: njia nzima inaaga mnara huu na kutafuta ule.

Inaisha mkononi tu

Hapa mara nyingi ni kioo. Kwenye matumizi ya kawaida hakuna kiungo cha simu kinachokula kuliko hicho, na mwanga ukiwa juu kabisa tofauti huonekana siku hiyohiyo. Punguza muda wa kioo kujizima uwe sekunde 30. Kuhusu mandhari nyeusi, inategemea kioo. Kioo cha OLED au AMOLED huzima kabisa nukta nyeusi, hivyo kuna nafuu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani walipima mwaka 2021 wakakuta kwamba kwa mwanga wa juu kabisa mandhari nyeusi huokoa wastani wa asilimia 39 hadi 47, lakini kwa mwanga wa asilimia 30 hadi 50 huokoa 3 hadi 9 tu. Kioo cha LCD, ambacho ndicho kilicho kwenye simu nyingi za bei nafuu, kina taa nyuma inayowaka muda wote. Huko mandhari nyeusi ni ya kupumzisha macho, haitakuokolea chaji.

Bodaboda wanaotumia programu za kuita usafiri wana hali ngumu kuliko wateja wangu wote. Simu iko kwenye usukani, mwanga umefika mwisho ili ionekane juani, GPS inafanya kazi, data inafanya kazi, na jua la saa saba liko juu yake. Apple inaelekeza iPhone itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35 za Selsiasi, na jua la mchana likiipiga simu nyeusi, joto lake huvuka hapo upesi. Joto linafanya mambo mawili: leo linafanya simu ipunguze mwanga au isimamishe kuchaji, na kwa miezi linaua betri yenyewe. Kaka zangu, kipande cha kivuli juu ya simu kina faida kuliko pawabenki. Na msiichaji ikiwa ndani ya kava nene juani.

Inazima ikiwa na 20

Simu imeandika 25, unafungua kamera au unawasha tochi, inazima ghafla. Ukiichomeka inawaka na kuonyesha 22. Hapa hakuna mchotaji, hapa betri imechoka kweli. Betri ya lithiamu ikizeeka, ukinzani wake wa ndani unapanda. Ikiombwa umeme mwingi kwa mara moja, volti zinaanguka chini ya kiwango ambacho simu inaweza kuishi nacho, nayo inajizima ingawa chaji ipo. Namba ya asilimia haidanganyi kwa makusudi, imekadiria kwa kumbukumbu ya betri ilipokuwa nzima.

Wenye iPhone wana bahati ya kusoma afya ya betri kwenye Setingi tangu iOS 11.3 ya mwaka 2018. Kwa maelezo ya Apple, betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko kamili 500 ya chaji (mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia 100), na za iPhone 15 baada ya mizunguko 1000. Ikishuka chini ya 80, badilisha bila kujiuliza. Kwenye Android zisizoonyesha afya, kipimo changu ni hicho cha kamera na tochi, pamoja na umri: simu inayochajiwa kila siku kwa miaka mitatu imepita mizunguko mingi.

Ukibadilisha, tazama namba ya betri iliyotolewa na inayoingia, zilingane. Betri yenye umbo lilelile lakini iliyoandikwa mAh nyingi zaidi kwa mbali, ikawa na uzito mdogo, ni maandishi tu.

Na betri ikivimba, yaani mgongo wa simu umeinuka au kioo kimeachana na fremu, acha kuchaji saa hiyohiyo. Usiibonyeze irudi. Usiitoboe. Ipeleke kwa fundi siku hiyo, usilale nayo kando ya mto.

Haikuisha, haikujaa

Hili ni fupi. Betri ya mAh 5000 ina nishati ya takriban wati-saa 19. Kichwa cha chaji cha volti 5 na ampea 1 hutoa wati 5, kwa hiyo hata bila upotevu kinahitaji karibu saa nne, na kwa hali halisi ni tano. Ukiichaji saa mbili ukaondoka, umeondoka na chini ya nusu. Jaribu waya mwingine kabla ya kingine chochote. Kisha zima simu, mulika ndani ya tundu la chaji: uzi na vumbi la mfukoni hujishindilia humo mpaka waya hauingii sawasawa. Vitoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, kamwe si kwa pini.

Imezimwa, na bado inaisha

Simu iliyozimwa ikalala na 80 ikaamka na 65 haina programu ya kulaumiwa. Ama betri yenyewe inavujisha chaji ndani kwa ndani, ama kuna shoti ndogo, yaani umeme unaopita pasipostahili, kwenye bodi, ule ubao wa saketi ndani ya simu. Ninaziona sana kwa simu zilizoingia maji, na huku pwani hata kwa ambazo mwenyewe anaapa hazijaingia: hewa ya chumvi hutia kutu polepole.

Hapa ndipo simu inafunguliwa, na hapa una haki ya kuonyeshwa. Fundi atatoa betri na kuiunganisha bodi kwenye pawa sapurai ya mezani iliyowekwa volti 4 hivi, bila kubonyeza kitufe cha kuwasha. Mita ya ampea inapaswa kukaa sifuri au karibu nayo sana. Ikisoma 0.080, bodi inakunywa mA 80 ikiwa imezimwa, na kwa saa 10 hizo ni mAh 800, asilimia 16 ya betri ya 5000. Ikikaa sifuri, kosa ni la betri. Ikipanda, fundi ataisaka sehemu inayopata joto, kwa kamera ya joto au kwa kupaka rosini, utomvu mkavu unaoyeyuka kwa joto, na kuangalia inayeyukia wapi kwanza. Mara nyingi ni kapasita moja, kipande cha kutunza umeme kidogo, ndogo kuliko punje ya mchele, ikitolewa mita inarudi sifuri palepale. Mwombe akuonyeshe namba hiyo kabla na baada, simu ikiwa bado iko wazi mezani.